Kiti cha dirishani: yaliyonikuta kwenye tiba ya EMDR

Jumamosi iliyopita nilivuka daraja la Karuma nikiwa ndani ya basi, macho wazi. Nyani walikuwa wamejipanga kando ya barabara wakingoja ndizi za abiria, Nile inafoka chini, na mimi mikono imetulia mapajani. Karibu miaka mitatu sikuweza kufanya hivyo. Kabla hatujafika Pakwach ukaingia ujumbe wa dada mmoja wa Koboko anayesoma ninayoandika: "Dada, hiyo EMDR ni kitu gani? Wanakulaza usingizi? Ukiamka unakuwa umesahau?" Mtandao ulikuwa unakatikakatika, nikamwahidi kumjibu nikitulia. Leo nimetulia. Kwa kifupi, EMDR ni tiba ya jeraha la moyo: unashika kumbukumbu inayokuumiza huku macho yako yakifuata vidole vya mtaalamu huku na huku.

Mimi nanunua vitenge Arua, vile vinavyoingia kutoka Kongo, nauza Kampala, Arua Park. Ukiwa na biashara ya namna hii unajua basi la usiku ndiyo ofisi yako: unalala njiani, asubuhi unafungua robota. Agosti 2022 nilipanda hivyo hivyo. Nilikuwa nimekaa upande wa njia, kichefuchefu kimenishika, nikamwomba mama aliyekuwa dirishani tubadilishane viti nipate hewa. Alikuwa amepakata kapu la samaki wakavu. Akaniambia, "Pita, mwanangu, mimi nalala popote." Akasogea, akajifunga leso yake vizuri, akalala.

Mbele kidogo ya Kafu kulikuwa na lori limeharibika, limeachwa barabarani bila taa wala matawi ya kuonya, limebeba nguzo za mkaratusi. Nguzo ziliingia kwa kioo cha mbele zikapita katikati ya basi. Yule mama hakufika Kampala. Mimi nilitoka na mkwaruzo wa bega.

Bega lilipona kwa wiki mbili. Lakini harufu ya dizeli ikichanganyika na samaki wakavu ilitosha kunirudisha pale pale. Siku moja nikiwa sokoni Owino nilipita karibu na meza za samaki, nikajikuta nimekimbia hadi barabarani, viatu mkononi, sijui nimevivua saa ngapi. Usiku nilikuwa naamka saa nane kamili. Nikaanza kutuma watu waniletee mzigo, na marobota yakawa yanafika yamepungua. Wateja wa miaka sita wakahamia kwa jirani. Shemeji yangu alisema mbele ya watu kwamba mwanamke wa biashara hana nafasi ya kuumwa mawazo. Nimemsamehe, ila sijasahau, na nataka ajue sijasahau.

Nilikwenda kwanza kwa mtu aliyejiita mtaalamu, ofisi nzuri, ghorofa ya tatu. Dakika ya kumi na tano alikuwa tayari anapitisha vidole mbele ya macho yangu akiniambia niione ajali. Nikaiona. Nikaanza kutetemeka, saa yake ikalia, akasema muda umekwisha tuonane Alhamisi. Nilikaa kwenye ngazi hadi mlinzi akaniletea maji. Nilipoteza mwaka mzima baada ya hapo, kwa sababu niliamini tiba yenyewe ndiyo mbaya. Haikuwa tiba. Alikuwa ameruka hatua.

Tiba hii ina hatua nane, na kusogeza macho ni ya nne. Aliyeianzisha ni Mmarekani, Francine Shapiro. Mwaka 1987, akitembea bustanini, aligundua kwamba mawazo yaliyokuwa yanamsumbua yalipungua makali macho yake yalipokwenda huku na huku. Akaifanyia utafiti, akauchapisha 1989. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliitaja kati ya tiba za kiwewe. Nasema kiwewe, yaani lile jeraha la moyo linalobaki baada ya ajali, vita, ubakaji au kipigo. Hapo ndipo ushahidi wake una nguvu. Kwa wasiwasi wa kawaida usio na tukio nyuma yake, ushahidi ni mchache zaidi, kwa hiyo mwambie mtaalamu ukweli wa kinachokusumbua kabla hamjaanza. Wataalamu wenyewe bado wanabishana macho yanafanya kazi gani hasa. Maelezo niliyoyaelewa ni haya: akili ikishika kumbukumbu huku inafuata vidole, inakuwa na mizigo miwili kichwani, na picha ile inapoteza ukali.

Mtaalamu wa pili, mama mmoja mpole asiye na haraka, hakugusa ajali kwa vikao vitatu. Aliuliza maisha yangu tangu utotoni, dawa ninazotumia, nalala na nani nyumbani. Akanitaka nichague mahali pa utulivu. Nikachagua mwembe wa nyanya yangu, nje kidogo ya Arua, wakati wa jioni. Akanifundisha pia kukunja mikono kifuani na kujigonga mabega taratibu, kulia, kushoto. Wanaita kumbatio la kipepeo, na lilianzia Mexico kwa watoto walionusurika kimbunga, mwishoni mwa miaka ya 1990. Mpaka leo nalitumia nikisikia breki kali.

Kikao cha nne ndipo tulipoingia. Akaniuliza picha mbaya kuliko zote. Nikasema: leso. Na inakuambia nini juu yako? "Ni kosa langu." Kutoka sifuri hadi kumi, inauma kiasi gani? Tisa. Ungetaka kuamini nini badala yake? "Sikuweza kujua." Na hilo unaliamini kiasi gani, kutoka moja hadi saba? Mbili.

Vidole vikaanza. Kama nusu dakika hivi, kisha anasimama: "Pumua. Nini kimekuja?" Harufu. "Haya, endelea na hiyo." Vidole tena. Mikono ya yule mama inafunga leso. Tena. Kisha, sijui kimetoka wapi, nikamwona mdogo wangu kitandani, ana surua, mimi nina miaka minane na nimeachiwa nimwangalie. Alifariki mchana ule. Nililia kilio ambacho sikukilia hata msibani. Mtaalamu hakunihubiria, hakunieleza maana yake. Alisema tu, "Endelea na hapo." Lile neno "ni kosa langu" lilikuwa na umri mkubwa kuliko basi lolote nililowahi kupanda.

Kwa hiyo, dada wa Koboko, hawakulazi usingizi. Uko macho, unajua uko wapi, na ukiinua mkono wanasimama. Hulazimiki kusimulia kila kitu. Kuna mambo niliyaona kichwani sikuyatamka, na tiba iliendelea. Macho yakichoka wanaweza kukugonga viganja badala yake. Kikao ni saa moja hadi saa moja na nusu. Idadi ya vikao inategemea mzigo. Mimi ilikuwa tisa, nikilipa kidogo kidogo kama mtu anayelipa kodi ya duka.

Wiki mbili za kwanza niliota ndoto nzito na nilikuwa mkali kwa watoto bila sababu. Nilitaka kuacha. Hapo ndipo wengi mnapoacha, halafu mnarudi kutangaza kwamba haifanyi kazi. Usiache katikati. Siku ya kikao usifungue duka jioni, usiendeshe gari, tafuta mtu akusindikize. Na kabla hujakaa kwenye kiti chake, muulize mtaalamu: umefundishwa EMDR wapi, na tutaanza na nini? Akisema mnaanza na vidole leo leo, chukua mkoba wako uondoke. Narudia, ondoka.

Wanawake wenzangu, tuna haraka ya duka la pili na kiwanja Wakiso, na tunadhani mwili utasubiri mpaka tumalize kujenga. Hausubiri. Ukianza kwenda kutibiwa wapo watakaokuita kichaa na kukutajia Butabika, hospitali ya wagonjwa wa akili, kama tusi. Mwache anayesema aseme. Ukipooza kwa hofu ndani ya nyumba, si yeye atakayekulipia karo ya watoto. Sali, ndiyo, mimi nasali kila siku, na mchungaji wangu ndiye aliyenisukuma nirudi kujaribu mara ya pili. Lakini usimfanye Mungu kisingizio cha kukwepa kutibiwa.

Na hapana, hutasahau. Nakumbuka kila kitu: rangi ya leso, kapu, ile sauti. Kikao cha mwisho mtaalamu aliniuliza tena, sifuri hadi kumi. "Sikuweza kujua" ilikuwa imefika saba, naiamini kabisa. Lakini maumivu yalikuwa yamekwama kwenye moja. Akauliza ni nini kinachoizuia isifike sifuri.

Nikamwambia sikuwahi kumuuliza yule mama jina lake.

Akanyamaza kidogo, kisha akaifunga daftari yake. "Basi hiyo moja," akasema, "tuiache hapo ilipo."