Unayekuja Iten kukimbia, anza na miti ya St. Patrick's

Mdogo wangu, matatu ya Eldoret ikishapita chini ya lile lango linalojigamba kuwa hapa ndipo kwa mabingwa, usiwe na haraka ya kutafuta chumba. Chumba utapata, Iten vyumba ni vingi kuliko watu wenye kodi. Liache begi lako kwa mama wa chai pale stendi, ulizia shule ya upili ya St. Patrick's. Hata mtoto atakuonyesha. Ukifika, jitambulishe kwa bawabu na uombe ruhusa, maana ile ni shule na watoto wako darasani. Kisha omba uonyeshwe miti.

Ni miti ya kawaida tu. Imepandwa uani kuwakumbuka wanafunzi wa zamani waliorudi na mataji, kila mti na jina la mwenyewe. Mimi nilipoiona mara ya kwanza nilianza kuhesabu majina. Hapo ndipo nilipojikwaa, na ndiyo sababu nakuandikia.

Nilitoka Voi nikiwa na miaka 19, na raba pea moja. Nikaona shule moja, katika mji mdogo ulioning'inia ukingoni mwa Bonde la Kerio, mita kama 2,400 juu ya bahari, na mabingwa wote hawa. Hesabu ikanijia kirahisi: siri ni hewa ya huku na barabara zake nyekundu, nikiivuta hii hewa miezi sita, nami nitapandiwa mti. Shule nilikuwa nimeiacha kidato cha tatu ili niwahi. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja Iten, na sikimbii tena. Nakanda. Miguu ya watu hupita mikononi mwangu kuanzia saa nne asubuhi hadi giza, na ukikanda miguu kwa muda mrefu unajua mengi ambayo mwenyewe hakusimulii.

Ningekuwa wewe, ningeanza na Mike Boit. Alipita St. Patrick's zamani kabla sisi hatujazaliwa, na mwaka 1972 akaleta shaba ya mita 800 kutoka Olimpiki ya Munich. Miaka minne baadaye alikuwa katika ubora wake, lakini nchi za Afrika zikasusia Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya wakati wa ubaguzi. Mwaka 1980 Kenya ikasusia tena, safari hii Moscow. Olimpiki mbili zimempita mtu akiwa mzima wa afya, na si kwa kosa lake. Wengine tungekaa kwenye kibanda cha chai tukilaumu serikali mpaka uzee. Boit alikuwa amekwenda Marekani kwa mbio, na akiwa huko akasoma mpaka akapata shahada ya uzamivu. Akarudi kufundisha sayansi ya michezo Chuo Kikuu cha Kenyatta. Profesa Boit. Medali yake ni moja ya Olimpiki, ya shaba, na hakuna anayemwona kuwa alishindwa maisha.

Ibrahim Hussein naye ni wa pale. Huyu ndiye Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya New York, mwaka 1987, na wa kwanza kushinda ya Boston, mwaka 1988. Hiyo ya Boston itafute uitazame. Kilomita 42 zimekwisha, wamebaki wawili, yeye na Juma Ikangaa wa Tanzania, na Hussein akampita mwishoni kwa sekunde moja: saa 2:08:43 kwa 2:08:44. Akashinda Boston tena 1991 na 1992. Ikangaa, kwa upande wake, alikuwa wa pili Boston miaka mitatu mfululizo, na kati ya hiyo ya pili na ya tatu akaenda New York akashinda. (Watani wangu wa Kitanzania wakija kukandwa huwa nawakumbusha ile sekunde moja, nao hunikumbusha New York ya 1989.) Lakini kabla ya yote hayo Hussein alikuwa mwanafunzi wa uchumi Chuo Kikuu cha New Mexico. Mbio zake zilikua pamoja na masomo, na alipostaafu aliongoza kituo cha riadha cha kanda jijini Nairobi, kazi ya ofisini inayohitaji mtu anayejua kusoma bajeti.

Peter Rono ndiye ninayemfikiria zaidi. Seoul, 1988, mita 1500. Ana miaka 21, na hakuna aliyemtaja miongoni mwa wa kuogopwa. Akashika mbele, akakataa kupitwa, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 35.96. Dhahabu. Baada ya hapo hakushinda tena mashindano yoyote makubwa. Watu wa hapa hulisema hilo kwa sauti ya huruma, na mimi huwa siielewi huruma hiyo. Rono alikuwa anasoma chuo kidogo huko Maryland, Mount St. Mary's, na baadaye akaingia kazini kwenye kampuni ya viatu vya kukimbilia. Maisha yake yalikuwa na mlango wa pili, kwa hiyo hakulazimika kuikamua miguu mpaka tone la mwisho. Nimewakanda vijana waliopata siku moja nzuri kwenye mbio za barabarani, tena ndogo tu, wakatumia miaka sita kuitafuta siku hiyo irudi. Miguu yao ukiishika ni migumu kama mti wa kahawa.

Wilson Kipketer, naye wa St. Patrick's, utamjua hata kama hujui riadha. Aliondoka kwenda Denmark mwaka 1990 kama mwanafunzi wa kubadilishana, akasomea mambo ya elektroniki, akabaki. Mwaka 1996 alikuwa bingwa wa dunia wa mita 800 na bado hakukimbia Olimpiki ya Atlanta, kwa sababu uraia wa Denmark ulikuwa haujakamilika na Kenya haikumruhusu. Mwaka uliofuata, ndani ya majira ya joto mamoja, akaifikia rekodi ya Sebastian Coe iliyodumu tangu 1981, kisha akaivunja Zürich, kisha akaivunja yake mwenyewe Köln: dakika 1 na sekunde 41.11. Rekodi hiyo ilikaa miaka 13 mpaka David Rudisha alipoivunja mwaka 2010. Na Rudisha alinolewa hapahapa Iten, na mwalimu yuleyule aliyemnoa Kipketer.

Mwalimu mwenyewe ni Bruda Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland. Alifika mwaka 1976 kufundisha jiografia, na hakukusudia kukaa. Ukocha hakuwa ameusomea popote. Alijifunzia uwanjani, akiwatazama wavulana wanavyokimbia. Mwaka 1989 akaanzisha kambi ya vijana wakati wa likizo, na hapo ndipo penye somo ambalo mimi nililipuuza. Vijana wake hawakuharakishwa. Walipewa mazoezi mepesi ya mwili, namna ya kubeba mabega, namna ya kuuweka mguu chini, na asubuhi mbio za taratibu ambazo hata wewe ungeziweza huku ukipiga gumzo. Ugumu ulikuja baadaye, mwili ukishakuwa tayari.

Mimi wiki yangu ya kwanza nilijiunga na fatliki ya Alhamisi, yale mazoezi ya kukimbia kasi kisha taratibu kwa zamu. Kundi kubwa, wanaume wanaomaliza marathoni kwa saa 2:08 na 2:10 wamo, vumbi limetanda. Nilitaka kuonekana. Sikufika hata nusu saa. Nikabaki peke yangu barabarani, mwanamke aliyebeba kuni akanipita akanipa pole. Alhamisi iliyofuata nikarudi, na iliyofuata tena. Mwezi wa tatu muundi ukaanza kuuma, mwanzoni kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha. Nikafunga kitambaa, nikaendelea. Siku moja nateremka kilima kidogo tu, nikasikia kitu kimekatika ndani, na mguu ukakataa kubeba uzito. Mfupa ulikuwa umeota ufa. Miezi mitano nilikaa chumbani nikila madondo ya kukopa, sina cheti cha kidato cha nne, sina kazi. Mzee mmoja mkandaji akanionea huruma, akaniambia nimshikie chupa ya mafuta. Nikaanzia hapo.

Kwa hiyo nakuomba ujifunze kitu kimoja kwa mikono yako mwenyewe. Kila jioni kaa chini, kunja goti, weka kidole gumba upande wa ndani wa mfupa wa muundi, kwenye ukingo ule unaokutana na shavu la mguu. Teremka nao polepole mpaka karibu na kifundo. Uchungu ukienea sehemu ndefu, mara nyingi si ufa, ni mguu unalalamika. Punguza mwendo, pumzika siku mbili tatu. Lakini uchungu ukiwa mahali pamoja, padogo kama shilingi, na ukipabonyeza unaruka, usikimbie kesho. Usije hata kwangu nikukande. Nenda hospitali upigwe picha.

Na atakuja mtu, mpole, amevaa vizuri, aseme ana sindano ya vitamini ya kurudisha nguvu. Mwambie hapana na uhame meza. Ukipimwa ukapatikana na dawa zilizopigwa marufuku, yeye hatatajwa popote. Jina la kwenye karatasi litakuwa lako. Sina la kuongeza hapo.

Utaniuliza kuhusu kocha na kambi. Kambi nyingi hazichukui mgeni asiye na muda mzuri wa mbio wa kuwaonyesha, na hilo si chuki kwa watu wa pwani, ingawa mimi mwanzoni nilidhani hivyo. Kimbia na kundi dogo la watu wa kiwango chako kwa miezi mitatu au minne. Wasalimie kwa Kikalenjin, chamgei tu inatosha, watakucheka kisha watakungoja kona ikifika. Wakija mawakala wa vyuo vya Marekani, swali lao la pili baada ya muda wako ni alama za mtihani. Nimeliona hilo chumbani kwangu zaidi ya mara moja: kijana amelala kwenye meza, simu imepigwa, anaulizwa matokeo ya kidato cha nne, na kimya chake nakisikia mpaka kwenye misuli ya mgongo.

Kama hujamaliza shule, basi, rudi umalize kwanza, Iten haihami. Kama umemaliza, njoo na vyeti vyako halisi, si nakala, vimefungwa kwenye nailoni kwa sababu mvua ya huku haibishi hodi. Njoo pia na sweta nzito.

Ukishatoka kuitazama miti, mimi niko nyuma ya duka la maziwa, mlango wa bluu. Mara ya kwanza sikutozi. Ila njoo na taulo lako. Langu liko kwenye kamba tangu juzi, na huku nguo hazikauki upesi.