Muulize Bibi Shamba: Mbegu za nyanya nilizotunza zimenigeuka

SWALI: Bibi Shamba, shikamoo. Nina kijibustani nyuma ya nyumba. Mwaka jana nilinunua pakiti ya mbegu za nyanya dukani, zikazaa nyanya kubwa, ngumu, zote saizi moja. Nikasema mbegu sinunui tena. Zile nyanya za mwisho mwisho zilizobaki nikazikamua, mbegu nikazianika juani kwenye gazeti, nikazisia masika haya. Nyingi hazikuota. Zilizoota ni vurugu tupu: huu mrefu, huu mfupi, mwingine unazaa vinyanya kama gololi. Tatizo ni nini?
Mama Wawili, Chanika, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, Mama Wawili. Kama ile pakiti hujaitupa, hebu itazame. Nadhani utakuta baada ya jina pameandikwa F1. Hiyo ni chotara: aina mbili tofauti zimechavushwa kwa makusudi, na ule usawa uliokufurahisha ni wa kizazi kimoja tu. Ukisia mbegu zake, kila mche unajichukulia urithi wake, huu umefuata kwa babu, ule kwa bibi. Anna, Assila, Kilele, zote ni za kundi hilo. Nyanya zake kula au uza, lakini mbegu yake urudi dukani.

Za kujitunzia ni zile zisizo chotara: Tanya, Tengeru 97, Cal J, Roma, Moneymaker. Mimi huku Mgeta nimeng'ang'ania Tanya kwa sababu ngozi yake ngumu inavumilia tenga na barabara yetu ya mlimani. Ua la nyanya hujichavusha lenyewe, kwa hiyo ukipanda aina mbili ukaziachanisha mita chache, hazichanganyikani sana.

Sasa hilo la nyanya za mwisho mwisho, hapo nitakusema kidogo. Nzuri mmekula, mbegu mkachukua kwenye masalia! Anayetunza mbegu huchagua mche kabla ya kutazama tunda. Pita bustanini nyanya zinapoanza kuiva, utafute miche mitatu minne iliyozaa mapema na kwa wingi, majani yake safi. Ifunge kitambaa chekundu, na watoto uwaambie hapo hakuna kuchuma. Mche wenye batobato au uliowahi kunyauka uache, hata kama una tunda la kutamanisha, maana baadhi ya virusi na bakteria husafiri na mbegu. Kantangaze, yule mdudu mharibifu wa nyanya, yeye hakai ndani ya mbegu, huyo tutapambana naye shambani. Tunda liache mchani liive kabisa, mpaka lianze kulegea.

Likate katikati, ukamulie mbegu na maji yake kwenye glasi. Ule utelezi unaozizunguka ndio unaozuia mbegu zisiote zikiwa bado ndani ya tunda, kwa hiyo lazima uchachuliwe utoke. Ongeza maji kidogo, funika kwa kitambaa, weka kivulini, koroga asubuhi na jioni. Kwa joto lenu la Dar siku mbili zinatosha. Kwetu kwenye baridi hufika tatu, hata nne. Itanuka, na ukungu mweupe utatanda juu. Baba Wawili mwambie avumilie. Ila usiisahau, maana ukizidisha siku mbegu zitaanza kuotea humo humo.

Ukishaona ukungu, jaza maji, koroga, subiri. Mbegu nzima huzama chini, mapepe na nyama za tunda huelea, vimwage. Rudia mpaka maji yawe maangavu, halafu chuja kwa chujio la chai.

Gazeti achana nalo, mbegu hugandia ukizibandua zinachunika. Tandaza kwenye sahani, kivulini penye upepo, ukizipekecha kwa vidole mara kwa mara zisishikane. Lile jua la saa saba huua kiini, na naamini ndilo lililokumalizia nyingi kati ya zile ambazo hazikuota. Mbegu iliyokauka sawasawa ukiikunja inavunjika.

Zitie kwenye bahasha ya karatasi, uandike aina na mwaka, kisha bahasha iingie kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana. Huko pwani unyevu ni adui, kwa hiyo weka humo kijifuko cha mchele uliokaushwa kikaangoni ukapoa kabisa. Chupa ikae penye giza, mbali na jiko. Ukifuata hivyo, miaka minne zinaota bila wasiwasi. Kabla ya kusia kitalu kizima, kunja mbegu 10 kwenye kitambaa kibichi. Baada ya siku tano hadi kumi hesabu. Zikiota nane, endelea.

SWALI: Mbegu za Tanya nimekausha nyingi kuliko eneo langu. Naweza kuzifunga kwenye vipakiti nikauza gengeni?
Msomaji, Kilosa

JIBU: Hapana, mwanangu. Mbegu ya kuuza lazima ikaguliwe na kuthibitishwa, na kazi hiyo ni ya TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu, ambao makao yao yapo hapo hapo mkoani kwenu, Morogoro. Wewe uza nyanya.