Ruzuku ya dawa ikiyumba, linda mtaji wa duka lako

Mwenye duka la dawa muhimu Tandahimba, Nanyumbu au Liwale haitwi kwenye kikao cha kupanga ruzuku, lakini ndiye anayeulizwa na mteja, "Mbona bei imepanda?" Inafaa ajue bei hiyo imepita wapi.

Chukua dawa mseto ya malaria, ALu. Mwaka 2010 Tanzania iliingia kwenye AMFm, mpango wa kushusha bei ya dawa mseto za malaria, uliosimamiwa na Global Fund, mfuko wa dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria. Fedha ya ruzuku haikupita dukani wala mkononi mwa mgonjwa. Ililipwa moja kwa moja kwa kiwanda, mwagizaji akamalizia sehemu ndogo iliyobaki, na pakiti zikaja na nembo ya jani la kijani. Mwishoni mwa 2012 ikaamuliwa mpango huo uingizwe kwenye misaada ya kawaida ya kila nchi. Maana yake ALu ya madukani ilianza kugombea fungu moja na vyandarua na dawa za zahanati.

Mabadiliko kama hayo huumiza kiwanda pia. Kiungo cha ALu hutoka kwenye mmea wa artemisia, ambao hukaa shambani miezi kadhaa kabla ya kuvunwa. Oda zikipungua, mkulima anapanda kitu kingine. Oda zikirudi, malighafi hakuna, na bei inaruka. Kwa hiyo usimlaumu upesi muuzaji wa jumla wa Masasi au Mtwara mjini kwamba amefungia mzigo. Mara nyingi naye hajaupata.

Sasa njoo kwenye hesabu, maana hapa ndipo maduka yanapofia. Tuseme umenunua boksi la dozi 30 kwa 45,000, yaani 1,500 kila dozi, nawe unauza 2,000. Boksi likiisha una 60,000, na daftari linasema umepata faida ya 15,000. Lakini ruzuku imepunguzwa, na bei mpya ya jumla ni 2,600. Ile 60,000 sasa inanunua dozi 23 tu. Faida umeiona kwenye karatasi, ila duka limepungua dozi 7. Ukiwa umeshaitoa ile 15,000 kwa ada ya shule, unarudi na dozi 17. Ndiyo maana tunasisitiza: bei ya jumla ikishabadilika, panga bei ya rafuni kwa kuangalia gharama ya kununua mzigo unaofuata. Ya mzigo uliopita haitakusaidia.

Ruzuku ikiongezwa, hatari hugeuka. Bei ya jumla ikishuka hadi 900, jirani atauza 1,400, na wewe una dozi 20 ulizonunua kwa 1,500. Uza haraka kwa bei yake. Hasara ya 100 kwa dozi ni 2,000 tu; ukizing'ang'ania zitaisha muda na utapoteza 30,000 yote.

Kinga ya pande zote mbili ni kutojaza rafu. Chukua wastani wa mauzo ya mwezi, zidisha kwa 2, toa kilichopo. Kinachobaki ndicho cha kuagiza. Kabla ya masika ongeza mwezi mmoja. Mei 2024, Kimbunga Hidaya na mvua vilipokata barabara ya Dar es Salaam na Lindi upande wa Kilwa, waliokuwa na akiba ya wiki moja walikuwa hatarini kufunga. Kila mzigo uandikwe: tarehe, bei, namba ya toleo, tarehe ya kuisha. Inayoisha muda mapema itoke kwanza.

Bei ikipanda utaona jambo baya zaidi: mteja kuomba nusu dozi. Fedha ya korosho huwa imeshakwisha kufikia Machi, wakati malaria bado ni nyingi. Usikubali. Mtu mwenye kilo 35 na zaidi anahitaji vidonge 24 kwa siku 3. Akimeza 12 anaweza kupata nafuu kisha homa ikarudi. Wala usikate kwa mkasi karatasi ya vidonge 24 ili upate 6 vya mtoto wa kilo 5 hadi 14. Namba ya toleo na tarehe ya kuisha hubaki kwenye kipande kimoja, na mama anaondoka na vidonge visivyo na maelezo. Mtoto wa chini ya miaka 5 mwelekeze zahanati, ambako kwa sera ya serikali anatibiwa bure.

Kama unahudumia wanachama wa bima, linganisha orodha ya bei ya NHIF na risiti zako kila inapotoka mpya, kama ile iliyoanza 1 Machi 2024. Dawa ambayo bei yake ya bima iko chini ya bei ya kununulia, huku malipo yakisubiriwa, inakula mtaji mara mbili.

Na bei za madukani zikipaa, watakuja watu jioni na ALu ya bei ya kutupa. Geuza pakiti uangalie: alama ya GOT ni mali ya serikali iliyotoka Bohari ya Dawa. Usiipokee hata boksi moja, na mpigie mfamasia wa halmashauri siku hiyohiyo.