Wadogo zangu, ufunguo wa kusaini haukai kwenye laptop moja

Juzi pale Sinza kijana wetu mmoja karusha APK, yaani faili la kusakinisha programu ya Android, kwenye kundi la WhatsApp: "Toleo jipya, pakueni." Nikaikagua. Ufunguo wa kusaini ni faili la siri linaloweka saini ya mtengenezaji kwenye programu; yeye kasaini kwa ule wa majaribio, ambao kila kompyuta hujitengenezea wake. Siku akibadili mashine, hakuna atakayeweza kusasisha. Nimevumilia siku mbili, leo nasema.

1. Ufunguo. Android haipokei toleo jipya juu ya la zamani kama saini hazilingani, hilo mnalijua. Play Store inaweza kukutunzia ufunguo. Ukisambaza mwenyewe, mtunzaji ni wewe. Mimi niliwatengenezea akina mama wa kikoba kimoja Mbagala daftari la michango. Sharti lao lilikuwa moja: majina na madeni yasitoke nje ya simu. Kwa hiyo hapakuwa na seva, akaunti wala nakala popote. Ufunguo ulikuwa kwenye laptop yangu, na diski ikafa. Nikatengeneza ufunguo mpya, nikasaini, nikampelekea mweka hazina. Simu ikagoma: "Programu haijasakinishwa." Nikamwambia, "Mama, futa ya zamani kwanza." Akauliza, "Na hesabu zetu?" Nikajibu zipo. Nilikuwa na haraka, sikufikiri: ukiondoa programu, data yake inaondoka nayo. Akabonyeza. Tulipofungua mpya, kurasa zote tupu. Michango ya miezi 14. Hakunigombeza. Alichukua daftari la shule la mwanawe, akaanza kuita mmoja mmoja: "Wewe Machi uliweka ngapi?" Wawili walibishania shilingi 20,000, na mpaka naondoka hawakuwa wanasemeshana. Ugomvi ule niliuleta mimi.

Nakala mbili za ufunguo, zenye nywila, nyumba mbili tofauti. Na keytool, ile zana ya kutengeneza ufunguo na cheti chake, usipoitajia muda hutoa cheti cha siku 90. Andika miaka 25 au zaidi.

2. Kitufe cha kuhamisha data kiwepo tangu toleo la kwanza.

3. F-Droid, lile duka la programu zenye msimbo huria, hujenga wenyewe kutoka msimbo wako na kwa kawaida husaini kwa ufunguo wao, kwa hiyo aliyepakua kwako hasasishi kutoka kwao. Na toeni Firebase, zile maktaba za msimbo za Google zinazoweza kumfuatilia mtumiaji, kabla ya kuomba kuingizwa huko! Mmoja alikuja kulalamika amekataliwa. Nikafungua orodha ya maktaba zake, Firebase hiyo mstari wa pili. Mtu amekimbia kufuatwafuatwa, wewe unamfuata mpaka chumbani?

4. Alama ya SHA-256 ya cheti, ile namba ndefu inayokitambulisha kama alama ya kidole, iwekeni mahali tofauti na APK. Watu Kariakoo wanarushiana mafaili kwa Bluetooth kuokoa bando, sikatazi, ila wapate cha kulinganisha wajue faili ni lenu kweli.

Na wewe uliyerusha ile ya juzi: waliopakua mpaka sasa ni sita tu. Wapigie leo, wasifute kitu. Jumamosi njoo na laptop yako na flashi mbili, tukae mpaka imalizike.