Kupitisha waya kwenye paipu: mtazame anayelisha

Nyumba ilikuwa Fuoni, Unguja, ya ghorofa moja, zege limeshamwagwa. Paipu ya soketi za jikoni ilitoka kwenye bodi, ikapanda ukuta, ikapita ndani ya zege na kushuka upande wa pili. Mimi kijana, nguvu ninazo, na nataka zionekane. Waya zilipokwama nikatia mguu ukutani nikavuta kama mtu anayekokota ngalawa. Zikaja. Mwenye nyumba akanisifu.

Mvua za masika zilipoanza, breka ya bodi ikawa inaanguka kila usiku. Nilipozitoa zile waya, nyekundu ilikuwa imechunwa ngozi urefu wa kidole, shaba iko nje. Kosa langu mwenyewe. Paipu niliikata kwa msumeno wa chuma, na yale makali ya ndani sikuyapitishia kisu wala tupa.

Mafundi wengi humweka kijana alishe, yaani azisukume waya ziingie kwenye paipu, wao wavute upande wa pili. Mimi nimegeuza. Anayevuta anajua kitu kimoja tu, kwamba ni zito. Anayelisha ndiye anayeona waya zikijisokota, na vidole vyake vinahisi kona kabla haijang'ang'ania. Akisema "haya" unavuta kidogo. Akisema "basi" unaacha pale pale, humuulizi kwa nini. Na waya aziachie kutoka kwenye roli huku roli lenyewe likizunguka. Ukizitoa kwa ubavu wa roli zinaingia na vifundo.

Mkononi awe na kitambaa chenye poda, ile ile ya watoto, waya zipite humo. Mafuta ya kupikia usithubutu: yanaila plastiki na kunasa vumbi, na siku ukitaka kuongeza waya unakuta gundi.

Kichwa cha waya nacho kina ufundi wake. Zichune ncha, shaba ya moja ipinde kwenye kitanzi cha waya wa kuvutia, nyingine zianzie nyuma kidogo kidogo ili pasiwe na uvimbe mmoja, halafu zungushia tepu kuelekea nyuma iwe nyembamba kama pua ya chuchunge. Kama ndani ya paipu mna waya za zamani, zima mein swichi kwanza. Chuma cha kuvutia hakichagui waya ya kugusa.

Kona zisizidi mbili za mraba bila kuweka boksi kati. Wala usishindilie paipu: Wamarekani, waya zikizidi mbili, huishia asilimia 40 ya nafasi ya ndani, na hiyo iliyobaki ni ya joto na ya kupitishia waya. Kabla ya kumwaga zege, ziba midomo ya paipu na uache kamba ndani. Wenzetu wengine huacha mshipi wa kuvulia; ni mzuri kwa changu, lakini ukikazwa kwenye kona unakata plastiki kama msumeno. Kamba ya nailoni nene ni salama zaidi.

Mji Mkongwe ni habari nyingine, kuta za mawe na chokaa hazichimbwi ovyo. Huko paipu mara nyingi hupita juu ya uso wa ukuta, na kazi inakuwa nyepesi.

Juzi Kiembesamaki kijana wangu akasema, "Basi, fundi." Mimi nahisi bado zinakuja. Tukazirudisha nyuma kiasi cha pima, tukakuta tepu imejikunja kichwani na waya moja imeachia.