Risasi fupi kwenye silinda ndefu: kasi inapotelea wapi?

SWALI: Shikamoo Mzee. Naishi Texas, nina bastola ya Remington ya 1858, nakala ya Italia yenye fremu ya chuma. Mwanzo nilikuwa nashindilia baruti na kuweka fataki, sasa nimebadilisha silinda (ile ngoma inayozunguka) nikaweka inayotumia risasi za .45 Colt. Mwenzangu wa uwanja wa shabaha kanipa boksi la .45 Schofield, ambazo ni fupi. Zinaingia na kulia vizuri, ila kipima kasi kinaonyesha zinakwenda taratibu kuliko zile ndefu. Je, nimeuziwa silinda mbovu? – S.M., Dallas

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiirudishe dukani. Anza na baruti iliyomo ndani ya ganda, maana sehemu kubwa ya tofauti hiyo imetoka nayo kiwandani.

Mwaka 1873 jeshi la Marekani lilichukua bastola ya Colt, ambayo ganda lake lilibeba hadi gireni 40 za baruti nyeusi, yaani gramu 2.6. Miaka miwili baadaye ikaja bastola ya Smith & Wesson iliyorekebishwa na Meja George Schofield. Silinda yake ilikuwa fupi, risasi ya Colt haikuenea. Karakana ya jeshi ya Frankford ikatoa risasi fupi ya gireni 28, iingie kwenye bastola zote mbili. Kwa hiyo unachofanya wewe, askari wa farasi walikifanya zamani.

Kujaza mwenyewe ni habari nyingine. Ukitia kipimo kile kile cha baruti na kichwa kile kile (kipande kinachorushwa) kwenye ganda fupi, nafasi ni ndogo, presha inapanda, na kasi inaweza hata kuzidi ya ganda refu. Nakusihi usihamishe kipimo cha ganda refu kwenda kwenye fupi. Silinda hizi za kubadilishia zimetengenezwa kwa risasi za nguvu ndogo zenye vichwa vya madini laini ya risasi. Na mwenye fremu ya shaba asizifunge kabisa.

Sasa tuje kwenye chemba, yaani tundu la silinda linaloshika risasi. Ganda la Colt lina urefu wa milimita 32.6, la Schofield 27.9. Kichwa kinapotoka kwenye ganda fupi kinapita karibu milimita 5 mahali palipochongwa kwa upana wa ganda, si wa kichwa. Hapo kinapwaya, na gesi inakipita pembeni kabla hakijafika kwenye koo la chemba, sehemu nyembamba ya mbele. Kasi inapungua kidogo, na wakati mwingine shabaha hutawanyika.

Pima pia upenyo kati ya silinda na mtutu, kwa vile vibapa ambavyo mafundi magari hupimia plagi. Milimita 0.15 ni sawa. Ukikuta zaidi ya 0.25, gesi nyingi inatokea hapo, na hilo litapunguza kasi ya risasi zote, ndefu na fupi.

Mimi wala kasi hainisumbui. Kwa chuma cha kutoboa karatasi, risasi fupi inatosha, tena baruti kidogo haichezichezi ovyo kama ndani ya ganda refu, kwa hiyo kasi mara nyingi hairukiruki. Ninachokiogopa ni masizi. Ukipiga fupi nyingi, mdomo wa ganda unaacha pete ngumu ya masizi na madini ya risasi yaliyoyeyuka katikati ya chemba. Ukirudi kwenye ndefu, mdomo wake unabanwa na pete hiyo, hauwezi kufunguka kuachia kichwa, na presha inapanda pasipotakiwa. Risasi ndefu ikikataa kuzama, usiisukume kwa kidole gumba. Ichomoe, toa silinda nje, tia mafuta ya kusafishia, acha yalowe, kisha sugua kila chemba kwa brashi ya shaba mpaka ganda tupu la Colt lidondoke ndani lenyewe.