Mdogo wake ana selimundu, dada mtu naye anaumwa tumbo: hospitali itamsaidiaje?

SWALI: Sista, salamu sana. Niko Muyeye, hapa Malindi. Mwanangu wa kiume ana miaka 6 na ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwaka huu amelazwa mara kadhaa, na kila akilazwa mimi hulala naye wodini, dadake wa miaka 10 akabaki na nyanyake. Huyu binti alikuwa mchangamfu. Siku hizi tumbo linamuuma kila asubuhi ya shule na alama zimeshuka. Juzi alimwuliza nyanyake kama ni yeye aliyemtia nduguye ugonjwa, kwa sababu jioni moja walikwenda kuogelea Silversands na usiku uleule maumivu yakamwanza mdogo wake. Nilimwambia aache upuuzi. Je, hospitali ina msaada wowote kwa mtoto kama huyu? Anaruhusiwa kuingia wodini? Na yeye apimwe?

JIBU: Mama, salamu zimefika. Nianze na bahari. Umeitaja kwa kupita tu, lakini kwa binti yako hilo ndilo kubwa.

Ulipomwambia aache upuuzi ulitaka kumtuliza. Yeye amesikia kwamba jambo lile halizungumzwi. Tena hajakosea moja kwa moja. Baridi ya ghafla inaweza kumwamshia maumivu mwenye selimundu: mishipa midogo hubana, chembe nyekundu zilizojikunja umbo la mundu hukwama, na damu haifiki sawasawa kwenye mifupa. Kupungukiwa na maji mwilini, homa na uchovu huleta hayohayo, na mara nyingi maumivu huja tu bila sababu ya kuonekana. Sasa ukimwambia bahari haihusiki kabisa, kisha akatusikia sisi kliniki tukikuonya mtoto asioge maji ya baridi, atajua amedanganywa na hatauliza tena.

Mwambie ukweli unaomtosha. Kwa mfano: "Nduguyo alizaliwa na damu ya namna hiyo. Aliipata kwangu na kwa babako, tangu tumboni. Baridi huweza kumwamshia maumivu, na siku ile hukujua kwa sababu sisi wakubwa hatukukwambia. Kucheza naye si kosa." Hapo pa "hatukukwambia" ndipo wazazi wengi huparuka, maana panawagusa wao. Wewe usiparuke. Na bahari msiwafungie: waende jua likiwa kali kiasi, wasikae majini muda mrefu, mdogo akitoka afutwe, avae nguo kavu na anywe maji.

Kuhusu tumbo, mlete aangaliwe kwanza kabla hatujasema ni mawazo. Pwani hii tuna minyoo, tuna kichocho, na wasichana hupata maambukizi ya njia ya mkojo bila kusema. Tusipoona kitu, na maumivu yakawa ni ya asubuhi za shule na Jumamosi hayapo, basi huenda ni wasiwasi. Hata hivyo yanauma kweli, kwa hiyo asiambiwe anajifanya. Mwalimu wake wa darasa pia aambiwe kinachoendelea nyumbani. Wengi hawaambiwi, na mtoto huishia kuitwa mvivu.

Sasa hospitali. Usije ukitafuta mlango wenye kibao cha huduma kwa ndugu wa wagonjwa. Hospitali zetu nyingi za umma hazina. Mgonjwa ana faili, nduguye hana, na asiye na faili hatajwi kwenye raundi ya asubuhi. Kwingine wamelishughulikia mapema. Hospitali kubwa za watoto za Uingereza na Marekani huajiri wataalamu wa michezo, ambao kazi yao ni pamoja na kumweleza ndugu mtu kinachoendelea. Kule Seattle, Don Meyer alianzisha miaka ya 1980 vikao vya watoto wenye ndugu walemavu au wagonjwa, Sibshops. Wanacheza, wanakula, na katikati wanazungumza na wenzao wanaojua hali hiyo. Hilo la mwisho hata sisi tunaliweza bila bajeti, kwa sababu siku ya kliniki ya selimundu kwenye benchi huwa kuna ndugu wengi wanaosubiri bila shughuli.

Tulicho nacho ni watu: nesi, mshauri nasaha, na mahali pengine afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali. Ila lazima uombe wewe. Sema waziwazi: "Nina mtoto mwingine nyumbani ambaye ugonjwa wa huyu umemwathiri. Naomba mtu wa kuzungumza naye." Mlete siku ya kliniki, ikiwezekana wakati wa likizo. Usingoje mdogo wake alazwe, kwa sababu siku hiyo nesi ana dripu za kuangalia na wewe mwenyewe akili haipo. Mshauri atakaa naye, pengine ampe karatasi achore, amwulize anajua nini kuhusu ugonjwa huu. Maswali ya watoto huwa yaleyale: atakufa? Nitaambukizwa nikilala naye? Ni zamu yangu lini? La kuambukizwa jibu ni rahisi: hauambukizi kwa kula sahani moja wala kulala mkeka mmoja. La kifo lisijibiwe kwa "hapana" ya haraka. Mwambie ni ugonjwa mzito, lakini una dawa, kliniki ina mpango, na watoto wengi hukua nao wakawa watu wazima.

Kuingia wodini kunategemea kanuni za wodi yenyewe, na nyingi huzuia wageni wadogo kwa kuogopa maambukizi. Hofu hiyo ina msingi, kwani mtoto wa selimundu hana kinga nzuri dhidi ya vijidudu vya nimonia. Zungumza na nesi msimamizi siku moja kabla, usibishane na askari getini. Binti asiwe na kikohozi, homa wala vipele, anawe mikono, na akae muda mfupi. Kabla hajaingia mwelezee atakachokiona: mrija wa dripu, mkono uliofungwa plasta usitikisike, labda mpira wa oksijeni puani, na kwamba nduguye anaweza kulia au asitake kuongea. Akikataliwa, nesi akiruhusu wakutanishe kwenye baraza nje ya wodi mdogo akishapata nafuu, au wapelekeane sauti kwa simu. Usimlazimishe kama hataki.

Kupimwa, ndiyo. Ikiwa wewe na babake nyote mna AS, yaani mmebeba selimundu upande mmoja bila kuugua, kila mimba ina uwezekano wa robo kuwa SS (mgonjwa), nusu AS na robo AA (hana kabisa), na mimba moja haibadilishi ya pili. Kwa kuwa amefika miaka 10 bila mashambulizi ya maumivu, huenda hana ugonjwa wenyewe, lakini wapo wenye dalili hafifu wanaochelewa kujulikana. Kipimo ni cha damu kidogo, kuangalia aina ya himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye chembe nyekundu. Akiwa AS, si mgonjwa. Ataishi kama wenzake, na hali hiyo humkinga kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali, jambo ambalo watafiti wa Kilifi wamelichunguza kwa miaka mingi. Majibu aelezwe yeye mwenyewe, kisha yatunzwe. Sioni sababu ya shangazi na majirani kujua, akaanza kuitwa mgonjwa kabla hata ya posa.

Nyumbani mpunguzieni kazi. Nyanya anamtegemea, najua, lakini msichana anayeteka maji, kupika na kumlinda nduguye usiku amefanywa mama mdogo. Mpe kazi moja ya mdogo wake aliyoichagua mwenyewe, kama kumkumbusha kunywa maji, na awe huru kuiacha. Nawe ukiwa nyumbani tenga nusu saa yake peke yake, simu iwe pembeni, msizungumzie hospitali asipoanza yeye. Ile kauli ya "nyamaza, mwenzio anaumwa" iacheni.

Akirudia kukojoa kitandani, akikataa chakula au shule, au akinyamaza zaidi ya wiki mbili, usingoje kliniki, mlete kwa mshauri. Akisema heri angekufa yeye, mlete siku hiyohiyo, hata kama unadhani ni maneno tu. Na ukiwa wodini usiku, huna wa kumwuliza, namba 116 ya kusaidia watoto nchini Kenya hupigwa bila malipo, nyanya anaweza kuipiga, na hata binti mwenyewe.